Chumvi kwa Kipimo: Mwongozo wa Kiasi cha Sodiamu Kinachoufaa Mwili kwa Siku

Mpishi adondoshapo tone la mchuzi kiganjani na kuliramba ili ajue kama chumvi imekolea, huwa ameukabidhi ulimi hukumu ambayo ulimi hauwezi kuikata kwa haki. Kwa sababu ulimi haupimi chumvi iliyomo chunguni, bali hulinganisha mchuzi wa leo na michuzi ya siku zilizopita, na aliyezoea chumvi nyingi tangu utotoni ataona kila kilicho cha wastani kuwa ni chapwa. Ndiyo maana katika nyumba nyingi watu wenye kujitunza, wasiogusa kileo wala tumbaku, hula chumvi maradufu ya ile inayowafaa na wasiwe na habari, mpaka siku wanapofungwa mkononi kitambaa cha kupimia presha na kuambiwa jambo wasilolitazamia. Mwongozo huu, ndugu msomaji, umekusudiwa kuiondoa hukumu hiyo katika ulimi na kuitia katika kijiko, katika pakiti na katika tarehe.

Kiasi chenyewe

Shirika la Afya Duniani linausia kwamba mtu mzima ale chini ya miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku, na kiasi hicho ni sawa na chumvi isiyofika gramu 5, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa juu kwa ukingo wa kisu. Yafaa tangu hapa kutenganisha vitu viwili ambavyo kuvichanganya ni asili ya makosa mengi: chumvi ni kitu kizima kilichomo mkebeni, na sodiamu ni sehemu yake tu, takriban gramu 4 katika kila gramu 10, zilizosalia zikiwa ni kloraidi. Kwa hiyo mwenye hesabu ya sodiamu akitaka kuijua chumvi, na azidishe kwa mbili na nusu. Na mwenye hesabu ya chumvi akitaka kuijua sodiamu, na agawanye kwa mbili na nusu.

Mwili hauhitaji ila kidogo mno, baina ya miligramu 200 na 500 za sodiamu kwa siku, ili mishipa ya fahamu ipitishe habari zake, misuli ikunjike na kukunjuka, na maji ya mwilini yakae kwa mizani. Walakini wanadamu wa leo, kwa wastani wa dunia nzima, hula karibu miligramu 4,310, ambazo ni chumvi ya gramu karibu 11, zaidi ya maradufu ya mpaka uliowekwa. Tena gramu 5 si shabaha ya kufikiwa, ni mpaka wa kutovukwa. Anayekula gramu 3 kwa siku, naye ni mzima, hajapungukiwa na kitu, wala hapaswi kuongeza chembe ili atimize hesabu.

| KISANDUKU: WATOTO |
|---|
| Chini ya mwaka mmoja: usitie chumvi kabisa katika uji, viazi vya kuponda wala supu yake. Maziwa ya mama na vyakula vyenyewe vina sodiamu ya kumtosha, na figo zake bado ni changa. |
| Mwaka 1 hadi 3: kwa kipimo cha matabibu wa Uingereza, chumvi isizidi gramu 2 kwa siku, na hiyo ni pamoja na iliyomo katika mkate na biskuti. |
| Miaka 4 hadi 6: isizidi gramu 3. |
| Baada ya hapo: kipimo kipande pole pole kwa kadiri ya chakula anachokula mtoto, nacho kibaki chini ya kile cha mtu mzima. |

Kwa nini ziada yake inadhuru

Anayetaka kuiona kazi ya chumvi kwa macho yake na atazame kachumbari inavyoandaliwa: vitunguu hukatwa vyembamba, hunyunyiziwa chumvi, huachwa kitambo, kisha hukamuliwa, na hapo hutoka maji ambayo hakuna aliyedhani kuwa yamo. Chumvi huvuta maji. Mwilini nako, sodiamu ikizidi katika damu, kiu huja, figo huyazuia maji yasitoke ili ziada ile izimuliwe, na damu huongezeka wingi ndani ya mishipa ile ile isiyoongezeka upana; basi moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, kuta za mishipa husukumwa usiku na mchana, na miaka ikipita hukakamaa. Hali hiyo ndiyo shinikizo la juu la damu, au presha kama wasemavyo wengi, nayo huzaa kiharusi, moyo kushindwa kazi, na figo kuharibika. Ubaya wake mkubwa ni kwamba aghalabu haina maumivu wala dalili, hata mtu akaishi nayo miaka mingi akijihesabu kuwa yu katika siha njema. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba vifo milioni 1.89 kila mwaka vinafungamana na ulaji wa sodiamu kupita kiasi.

Kwa watu wa Afrika Mashariki ushahidi haukutoka mbali. Wataalamu waliwafuatilia watu wa Kiluo walipohama vijiji vya magharibi ya Kenya kwenda kutafuta maisha Nairobi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1990 yalionyesha kwamba presha ya wahamaji ilikuwa juu kuliko ya wenzao waliobaki nyumbani, tena tangu miezi ya mwanzo, na kwamba katika mkojo wao sodiamu ilikuwa imezidi na potasiamu imepungua. Kabila ni lile lile na umri ni ule ule. Mji una mashaka mengi ya kuipandisha presha, lakini mkojo hauongopi juu ya kilichokuwa sahanini, kwa kuwa karibu sehemu 9 katika 10 za sodiamu tunayoila hutokea huko.

Hiyo potasiamu nayo isisahauliwe, kwa sababu ndiyo inayosaidia figo kuitoa sodiamu na mishipa kulegea. Shirika hilo hilo linataka mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 za potasiamu kwa siku. Imo kwa wingi katika ndizi, viazi vitamu, maharage, mbaazi, mchicha, parachichi na maji ya dafu, yaani katika vyakula vile ambavyo mhamiaji wa mjini huviacha shambani na kuvibadilisha kwa mkate na tambi.

Mahali inapojificha

Laiti chumvi yote ingekuwa mkebeni, kazi ingekuwa nyepesi. Lakini sehemu yake huingia nyumbani kwa milango mingine, na baadhi ya milango hiyo haina hata ladha ya chumvi ya kumzindua mlaji.

Wa kwanza ni magadi, nao nautaja mbele ya yote kwa sababu ndio usiotajwa. Magadi yachimbwayo katika Ziwa Magadi na Ziwa Natron ni sodiamu iliyoungana na kaboneti. Hutiwa katika maharage, kunde, makande na kisamvu ili viive upesi na kulainika, na mlaji asione chumvi yoyote, ilhali sodiamu yake ni ile ile katika damu. Magadi soda ya dukani ni ndugu yake, na kijiko kimoja cha chai cha magadi soda hubeba zaidi ya miligramu 1,200 za sodiamu, bi maana zaidi ya nusu ya haki ya mtu mzima kwa siku nzima. Wako waendao mbali zaidi, wakayakoroga katika bilauri ya maji na kuyanywa kila kiungulia kinapowashika; mwenye presha akifanya hivyo kila siku anavunja kwa mkono wa kushoto alichojenga kwa mkono wa kulia. Fauka ya hayo, magadi huharibu baadhi ya vitamini zilizomo katika nafaka na mboga. Dawa yake ni kuroweka maharage usiku kucha, kuyamwaga maji yale asubuhi, na kupika kwa maji mapya katika chungu kilichofunikwa. Yatachelewa kidogo, lakini yataiva.

Wa pili ni vile vidonge na unga wa kukoleza mchuzi, ambavyo siku hizi vimeingia katika kila jiko, mjini na shamba. Soma karatasi yake: mara nyingi chumvi ndiyo iliyotangulia katika orodha ya vilivyomo, na kwa kawaida hufika karibu nusu ya uzito wote au kuizidi. Kidonge cha gramu 4 basi hutia chunguni gramu 2 za chumvi, na mpishi, akiwa amekwisha kukitia kidonge, hutia tena chumvi kama kwamba hakutia kitu. Kosa hili nadhani ndilo kubwa kuliko yote katika mapishi ya zama zetu, kwa sababu halikuwako zamani na ada za jiko hazijapata kulizoea.

Wa tatu ni samaki waliohifadhiwa. Ng'onda na papa mkavu hutiwa chumvi ili wasioze, na pasingekuwa na chumvi hiyo wasingefika bara wala wasingengoja msimu. Sisemi waachwe, kwa maana papa wa nazi ni katika maakuli ya pwani yasiyo na badala. Nasema warowekwe katika maji mengi, maji yamwagwe, warowekwe tena, wachemshwe na maji hayo ya kuchemshia yamwagwe vile vile, na mchuzi wao usitiwe chumvi nyingine. Kwa mintarafu ya dagaa, ulizia walikotoka: wa baharini, kama wale wa Unguja, aghalabu huchemshwa katika maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, ilhali wa maziwa ya bara kwa kawaida huanikwa vivi hivi.

Milango mingine nitaipitia kwa haraka. Mkate wa dukani hauna ladha ya chumvi, lakini vipande vinne au vitano kila asubuhi hujumlisha. Tambi za haraka zina kijifuko cha viungo, na sehemu kubwa ya sodiamu yake imo humo. Soseji, nyama za makopo, achari, chachandu na mchuzi wa soya ni chumvi tupu kwa sura mbalimbali. Kijiko kimoja cha mezani cha mchuzi wa soya hukaribia miligramu 900. Mihogo ya kuchoma, embe bichi na chipsi za njiani hunyunyiziwa pilipili iliyochanganywa na chumvi kwa mkono mkarimu, na hapo dawa ni kumwambia muuzaji mapema: “Kaka, nitilie pilipili na ndimu, chumvi acha.” Hatakasirika.

Jinsi ya kujua nyumba yako inakula kiasi gani

Hakuna haja ya mizani wala maabara. Yatosha pakiti ya chumvi, kalamu, na stahamala ya majuma machache.

1. Nunua pakiti mpya ya chumvi yenye madini joto, ya gramu 500, na siku utakayoifungua andika tarehe juu yake kwa kalamu isiyofutika.

2. Weka pakiti nyingine mbali kwa ajili ya kuoshea samaki, kukamulia vitunguu na kusugulia vyombo. Chumvi hiyo hailiwi, na ukiichanganya na ile ya chunguni hesabu itaharibika.

3. Hesabu walaji. Mtu mzima ni mmoja. Mtoto wa chini ya miaka saba mhesabu kuwa nusu. Mgeni wa siku moja mwache. Anayekula mchana kazini au shuleni mhesabu nusu vile vile.

4. Pakiti ikiisha, andika tarehe tena, na uhesabu siku ilizodumu.

5. Zidisha siku kwa walaji, kisha uigawanye 500 kwa jawabu hilo. Unachopata ni gramu za chumvi ambazo kila mmoja amekula kwa siku kutoka katika pakiti peke yake.

Tuseme nyumba ina watu wazima wanne, na pakiti imedumu siku 14. Kumi na nne mara nne ni 56. Na 500 ukiigawanya kwa 56 unapata karibu gramu 9. Nyumba hiyo imekwisha kuukaribia mpaka maradufu kabla hatujauliza habari za mkate, vidonge vya mchuzi wala ng'onda. Kama kila mmoja angalikula gramu 5 tu, pakiti ingalidumu siku 25. Na madhali baadhi ya chumvi huingia kwa milango tuliyoitaja, ni hadhari njema kuiachia milango hiyo nusu, na kutaka pakiti idumu karibu siku 50.

Kibakuli cha siku

Baada ya kuijua hesabu, na sasa tuiweke katika vitendo. Njia ninayoipendelea kuliko zote, kwa kuwa haimtaki mpishi kukumbuka namba yoyote katikati ya moshi na haraka, ni kupima chumvi ya siku nzima asubuhi.

1. Chukua kibakuli kidogo chenye kifuniko. Tia humo chumvi ya unga kwa kijiko cha chai kilichosawazishwa. Kijiko kimoja ni karibu gramu 6. Kwa watu wazima wanne, mwisho wa safari yako ni kijiko kimoja na nusu kwa siku, nacho humpa kila mmoja gramu zipatazo 2 na robo.

2. Usianzie hapo. Anzia penye desturi yako ya sasa: nyumba ile ya mfano, iliyokuwa ikitumia vijiko sita kwa siku, na ipime sita, kisha iondoe robo, ibaki na vinne na nusu. Ikae hapo majuma mawili, kisha iondoe robo ya kilichobaki, na kadhalika. Kwa kupunguza mara tano, katika muda wa miezi miwili na zaidi kidogo, itafika penye kijiko kimoja na nusu, na ulimi, ambao huzoea kushuka kama ulivyozoea kupanda, hautakuwa na kisa cha kulalamika. Anayepunguza kwa siku moja huwafanya watu wa nyumbani wasusie chakula, na mwisho wa juma chumvi hurudi pamoja na ushindi wake.

3. Kila chungu kichote katika kibakuli hicho: mchuzi, mboga, mayai, kachumbari. Kikiisha, kimeisha.

4. Wali ukiliwa na mchuzi uliokolea, upikwe bila chumvi au kwa chumvi ya kugusia tu. Ugali haujapata kutiwa chumvi na hakuna aliyeulaumu. Wali wa nazi nao una utamu wake wenyewe wa tui.

5. Tia chumvi mwisho, chungu kinapokaribia kuepuliwa. Chumvi iliyotiwa mwanzo huzama ndani ya viazi na nyama, mpishi akaonja mchuzi, akaona imepungua, akaongeza. Iliyotiwa mwisho hubaki juu, mahali ulimi unapokutana nayo kwanza, na kidogo chake hutosha.

6. Pengo lililoachwa na chumvi lijazwe kwa uchachu na harufu. Ndimu, ukwaju na embe bichi huufanya ulimi uchangamke. Kitunguu thaumu, tangawizi, bizari, pilipili manga na kotimiri hufanya yaliyobaki. Watu wa pwani wana bahati katika jambo hili, kwa kuwa hazina hiyo tayari imo jikoni mwao.

7. Ondoa mkebe wa chumvi mezani. Kama kuna mzee ambaye hawezi kula bila kuuona, usishindane naye mbele ya watu. Mwekee kidogo katika kisahani, chini ya robo ya kijiko cha chai, na kisahani hicho kiwe sehemu ya hesabu ya kibakuli. Mwambie kwa upole: “Baba, hii ndiyo yako ya leo,” naye ataitumia kwa uangalifu kuliko alivyoutumia mkebe.

Kusoma karatasi ya pakiti

Vyakula vingi vya viwandani huandikwa sodiamu kwa kila gramu 100. Ikiwa imezidi miligramu 600, chakula hicho kina chumvi nyingi. Ikiwa haifiki 120, ni kidogo. Baina ya hapo, kula kwa kiasi. Kisha tazama utakula gramu ngapi. Pakiti ya tambi ya gramu 70 iliyoandikwa miligramu 1,000 kwa kila gramu 100 itakupa miligramu 700 za sodiamu, na 700 mara mbili na nusu ni miligramu 1,750 za chumvi, yaani zaidi ya theluthi ya haki yako ya siku kwa mlo mmoja usioshibisha. Angalia pia kama karatasi imehesabu pakiti nzima au “sehemu moja” tu, kwa maana baadhi ya watengenezaji huigawa pakiti ndogo katika sehemu mbili, ilhali hakuna mwenye njaa aliyepata kula nusu.

Makosa yanayorudiwa

Kosa la kudhani kwamba chumvi ya mawe, chumvi ya bahari isiyosafishwa, au ile ya rangi ya waridi inayouzwa kwa bei kubwa, ni salama kuliko ya kawaida. Zote karibu ni kitu kimoja kwa sodiamu. Chumvi ya mawe, kwa ukubwa wa punje zake, huchukua nafasi zaidi katika kijiko na hivyo huwa nyepesi kidogo kwa kipimo, lakini mara nyingi haina madini joto, na hasara hiyo ni kubwa.

Kwa hakika jambo la madini joto lahitaji tahadhari ya peke yake. Kupunguza chumvi hakumaanishi kuiacha chumvi yenye madini hayo, ambayo huzuia rovu kwa mtu mzima na huulinda ubongo wa mtoto aliye tumboni; maana yake ni kula kidogo, na hicho kidogo kiwe ni kile kilichotiwa madini. Ihifadhi katika chombo kikavu chenye kifuniko, mbali na mvuke wa chungu na miali ya jua, kwa sababu unyevu, joto na mwanga huyapunguza.

Kosa la kudhani kwamba jasho la kazi huifuta ziada yote. Mtu wa kawaida anayelima au kubeba mizigo katika jua ahitajicho zaidi ni maji, na chakula chake cha siku humrudishia chumvi iliyotoka. Wala maji mengi hayaoshi chumvi iliyozidi kwa namna ya kuhalalisha kuila.

Na kosa la kusahau dawa zinazochemka ndani ya maji: kidonge kimoja cha kutuliza maumivu cha namna hiyo chaweza kuwa na miligramu 400 za sodiamu au karibu yake. Mwenye presha na amwombe mfamasia kile kinachomezwa.

Chumvi mbadala

Iko chumvi ambayo sehemu ya sodiamu yake imeondolewa na kuwekwa potasiamu. Katika vijiji 600 vya China watu 20,995, wengi wao wakiwa wamewahi kupatwa na kiharusi, walishiriki katika jaribio lililotangazwa mwaka 2021. Nusu ya vijiji vilipewa chumvi yenye robo yake ya potasiamu, vingine vikaendelea na ya kawaida, na walioitumia mbadala walipatwa na kiharusi pungufu kwa 14 katika kila 100. Ni habari njema, na mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani liliunga mkono matumizi yake majumbani kwa watu wazima. Lakini si ya kila mtu: mwenye maradhi ya figo, au anayetumia dawa zinazoizuia potasiamu isitoke mwilini, yaweza kuusimamisha moyo wake. Shirika halikuiusia kwa wajawazito wala watoto. Asiyeijua hali ya figo zake na apime kwanza.

Wasiopaswa kuufuata mwongozo huu bila ya tabibu

- Anayeharisha au kutapika: huyu amepoteza chumvi pamoja na maji, na haki yake ni maji yenye dawa ya chumvi na sukari ya pakiti, iliyokorogwa kama ilivyoandikwa, mpaka apone.
- Mjamzito: asijinyime chumvi kwa hofu ya kifafa cha mimba, kwani kujinyima huko hakukizuii, ale kwa kiasi, yenye madini joto, na asikose kliniki.
- Mwenye moyo dhaifu au figo zilizoharibika: mpaka wake huwekwa na daktari wake.
- Anayetumia dawa za kukojosha, au dawa ya lithiamu: sodiamu ikishuka ghafla dawa hizi zaweza kumdhuru.
- Mzee aliyeanza kuchanganyikiwa, kulegea au kuumwa kichwa wakati wa joto kali: apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Orodha ya kubandika jikoni

☐ Tarehe imeandikwa juu ya pakiti.
☐ Kibakuli cha siku kimepimwa asubuhi.
☐ Kidonge cha mchuzi kikitiwa, chumvi haitiwi.
☐ Maharage yamerowekwa, magadi hayakutumika.
☐ Ng'onda imebadilishiwa maji mara mbili.
☐ Chumvi imetiwa mwisho.
☐ Leo tumekula mboga ya majani, na ndizi au tunda.

Kupima matokeo

Presha ipimwe kabla ya kuanza, na tena kila mwezi. Keti kwanza dakika tano bila kuzungumza, mgongo umeegemea, miguu haikupishana, mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo. Usiwe umekunywa kahawa wala kuvuta sigara katika nusu saa iliyopita, na kibofu kiwe kitupu. Pima mara mbili kwa kupisha dakika moja, uandike namba zote. Zikifika 140 kwa 90 au kuzidi katika siku mbalimbali, mwendee tabibu, na umchukulie pamoja nazo zile tarehe za pakiti, ili ajue ni chumvi kiasi gani iliyokwisha kupunguzwa na ni kazi gani iliyobakia kwa dawa. Aliyekwisha kuandikiwa dawa asiziache kwa sababu namba zimeshuka. Yeye na daktari wake wazitazame namba hizo pamoja, na kama kuna dawa ya kupunguzwa, daktari ndiye atakayeipunguza.